Kipindupindu Segese: jinsi DNA ilivyomsafisha mama ntilie aliyesingiziwa

Wakuu, salaam kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sina sababu ya kutia chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtu wa maabara kwenye kituo cha afya jirani na Segese. Dhahabu imefumka, wachimbaji wanamiminika, vyoo vya kutafuta kwa tochi.

Kipindupindu kikaingia. Mahema mawili yakajaa watu wa dripu. Mungu mkubwa, hakufa mtu.

Vimelea tulivikuta kwenye kisima cha machimbo, tukakitia dawa. Lakini watu walibaki na swali lao: nani kauleta ugonjwa?

Kidole kikamwangukia Mama Kulwa, mama ntilie. Alikuwa amehamia siku chache kabla akitokea Songwa, na Songwa nako watu walikuwa wanaharisha. Kesi ikaishia hapo!

Masanja, msimamizi wa mashimo, akampa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka, la sivyo banda linavunjwa.

Mama Kulwa akaja maabara. "Dokta," akaniambia (mimi si daktari, ila huko ukivaa koti jeupe umekwisha), "mimi nimepika wali na maharage. Kipindupindu sijakipika."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Lile banda ndilo lililokuwa likiwasomesha mapacha wake.

Basi nikafunga sampuli vizuri kwenye boksi, nikapanda basi hadi Mwanza kwa daktari mmoja, mama mtafiti wa vimelea. Abiria wangejua nimepakata nini, ningeshushwa porini Misungwi.

Yule mama akanieleza kwamba duniani kuna hazina ya DNA iliyo wazi. Watafiti wanaweka humo walichosoma kwenye vimelea vyao, na yeyote anachukua bure. Siyo DNA nzima kama siku hizi, vipande tu. Intaneti yenyewe ilikuwa ya kubembeleza, simu ikikatika unaanza upya.

Bahati nzuri, vya Songwa vilishawekwa humo. Na vya machimbo ya upande wa Geita pia. Ikabaki yeye kusoma DNA ya vimelea vyetu na kulinganisha.

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha, majibu yakaja. Nikayasoma mbele ya wachimbaji, Masanja kakaa mbele.

"Vimelea vyetu havifanani na vya Songwa. Vinafanana na vya Geita."

Masanja akavua kofia taratibu. "Geita si ndiko tulikotoka sisi? Mimi na kundi langu lote?"

Watu wakaangua kicheko, mmoja akadondoka kwenye benchi.

Nikawaambia alivyonionya daktari: hii inaonyesha njia ugonjwa uliyopitia, haimtaji mtu. Tusije tukamvunjia Masanja naye nyumba yake!

Kesho yake Masanja alikwenda bandani na jogoo mkononi. "Mama Kulwa, nilikukosea mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu."

Mama Kulwa akapokea jogoo. "Wabeja, baba, asante. Nimekusamehe. Sasa nenda kanawe kwa sabuni, ndiyo ukae mezani."

Na jitu zima likaenda kunawa!

Nilichojifunza: hofu ikipanda, mgeni ndiye anakuwa mkosaji, hata kabla ya kipimo. Na watafiti nisiowajua, walioweka kazi yao wazi bila kumficha mtu, ndio waliomwokoa mama wa watu.

Waliokuwa machimboni enzi zile, kwenu mgeni alisingiziwa nini? Na wataalamu wa maabara, nikosoeni nilipoteleza.