Taa Iliyooshwa Kama Dhahabu

Watu wa Nyarugusu, huku kwetu machimboni, wakiingia sebuleni kwangu hutafuta vikombe. Kila nyumba yenye kabati la vioo ina vikombe vya wageni, vile ambavyo mgeni mwenyewe hapewi. Kabati langu lina magari. Ni kumi na moja, ya plastiki, kila moja linaenea kiganjani, na yote ni ya namna moja: magari ya safari ya zamani, yasiyo na paa, yenye turubai la kukunja nyuma, matairi membamba ya spoku na taa mbili kubwa zilizotokeza mbele. Nimeyaunga mwenyewe kutoka kwenye maboksi, kipande kwa kipande. Mimi ni mtu wa maabara katika kituo cha afya. Siku nzima nainamia darubini kutafuta vijidudu vya malaria, na nikirudi nyumbani nainamia madigadi ya plastiki. Mume wangu anasema mgongo wangu atakuja kuunyoosha fundi wa majeneza. Nilishamwambia afadhali mgongo wangu kuliko ulimi wake.

Ugonjwa huu niliupata Shinyanga nilipokuwa nasoma. Nilipanga chumba nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa, nyuzi na vifungo. Kwenye rafu ya juu kabisa, juu ya vifungo, yalikuwapo maboksi yenye picha za magari hayo. Siku moja nikamuuliza ni ya watoto wa umri gani. Alikunja uso. Akasema si ya watoto, na kama nataka kujua ni ya nani, nikanawe mikono kwanza.

Nikanawa. Akanikalisha kwenye stuli, akafungua boksi moja na kunionyesha fremu za plastiki zenye vipande vilivyoshikana nazo, kila kipande na namba yake. Nilikata cha kwanza kwa wembe, nikakikata vibaya, akanifokea kama mimi ninavyowafokea leo wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo. Tangu hapo, ndugu zake wa ng'ambo wakimletea maboksi mawili, moja lilikuwa langu. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa rangi. Yeye aliamini kwamba kila gari la zamani lilikuwa jeusi. Mimi nilisema hata watu wa zamani walikuwa na macho, na nikapaka la kwangu rangi ya embe bivu, naye hakunisemesha wiki nzima.

Boksi moja halikuguswa. Gari lililokuwa humo lilikuwa la aina ileile aliyokuwa nayo babu yake, aliyezunguka nalo kununua pamba hadi huko Mhunze na ndani zaidi. Familia nzima ilikua ikisikia habari za gari hilo, lakini haikubaki hata picha moja. Mzee alilitunza boksi lile akisubiri mkono wake uwe mzuri wa kutosha. Miaka ikapita, mkono ukaanza kutetemeka.

Mwaka huu akanipigia simu. Duka amelifunga, watoto wake wamemwita akaishi nao ng'ambo, na zimebaki wiki tatu.

"Binti," akasema. Ananiita hivyo hadi leo, na mimi nina wajukuu wawili. "Lile boksi nimelipakia kwenye basi linakuja kwako. Nataka kuliona gari kabla sijaondoka."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mdomo wangu, ambao huwa unanitangulia, ukamjibu kwamba Jumamosi ya mwisho nitamletea likiwa kamili, bila kupungua hata kipande kimoja.

Nilifanya kazi vizuri, sina haja ya kujinyenyekeza. Nililipaka rangi nyeusi, ingawa roho iliniuma. Viti vilikaa, usukani ukakaa, kioo cha mbele kikasimama wima bila tone la gundi kuonekana. Alhamisi jioni zilibaki taa mbili tu, ndogo kama punje za choroko, zilizopakwa rangi ya dhahabu tangu kiwandani. Ya kwanza ilikaa. Ya pili iliponyoka kwenye kibanio, nikaisikia ikigonga sakafu mara moja, halafu kimya.

Nilitambaa chini ya makochi hadi magoti yakauma. Mwishowe nikafagia sebule yote na ukumbi, nikapata lundo la vumbi, mchanga, pumba na nywele za wajukuu. Huku vumbi halikosi ndani ya nyumba. Linaingia na viatu vya kila anayepita. Nililichambua kwa vidole sikuona kitu. Ijumaa kutwa nilikuwa nimenuna, wagonjwa wenyewe wakawa wananipa pole. Nilikuwa nimemwahidi mtu mzima anayeondoka moja kwa moja, na sasa ningempelekea babu yake akiwa na jicho moja.

Jioni nilipotoka kazini nikamkuta uani, karibu na lundo langu, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ameshinda kwenye machimbo ya dhahabu tangu ujana wake.

"Shemeji, mbona umevimba hivyo, nani kakuudhi?"

"Taa ya gari imepotea kwenye vumbi hili. Ni ya plastiki, ndogo kama choroko, ina rangi ya dhahabu."

Akaliangalia lundo, akacheka. "Hiyo kazi yangu, gete, kweli kabisa. Mimi kila siku natafuta kitu kidogo kuliko hicho, tena kwenye tope."

Akashusha karai lake la kuoshea mchanga kwenye pikipiki, akaweka beseni kubwa chini yake ili maji yasipotee, akamimina vumbi langu na kuanza kuosha. Majirani wakajaa uani. Niseme kweli, ana mkono. Karai lilizunguka, maji yakawa yanachukua uchafu na kuumwaga beseni taratibu, na mimi nilisimama pale nikimsifu. Alipomaliza palibaki chini kabisa mchanga mweusi kidogo na sindano ya kushonea niliyoitafuta tangu Pasaka. Akainamisha karai.

"Mnaona?" akasema.

Ilikuwa dhahabu. Chembe moja, ndogo kama kichwa cha pini, lakini dhahabu kweli, imeingia nyumbani kwangu na viatu vya watu. Uani pakawa hapakaliki. Jirani mmoja alinishauri tubomoe sakafu. Mume wangu alilitazama kochi lake kwa namna ambayo sikuipenda.

"Taa iko wapi?" nikauliza.

Wote walikuwa wameinamia karai. Nikauliza tena kwa sauti ambayo mume wangu anaifahamu, na watu wakaanza kukumbuka majumbani kwao. Nilimwambia shemeji akainywe hiyo dhahabu yake na chai.

"Shemeji, nimeosha vizuri," akajitetea. "Ingekuwamo ingebaki chini."

Hapo ndipo tulipotazamana. Kinachobaki chini ya karai ni kile kizito. Taa yangu ilikuwa plastiki, nyepesi kuliko hata mchanga, na yeye kwa ufundi wake wote alikuwa ameimwaga na uchafu. Yeye ana udhuru, mikono yake haijui kuosha kwa namna nyingine. Mimi kila siku nazungusha damu kwenye mashine ili kizito kishuke na chepesi kibaki juu, kisha nikasimama pale nikipiga makofi wakati taa yangu inamwagwa. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

"Marudio," akasema shemeji polepole.

Marudio ni ule mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja. Mchimbaji hautupi kamwe, maana huenda akauosha tena. Yalikuwa yote kwenye beseni. Tukayaacha yatulie, nikaleta chujio la chai, nikaanza kuchota yaliyokuwa juu. Mara ya nne taa ikatoka imelala katikati ya pumba, nzima, ila ubavu mmoja rangi imechubuka. Nilimwambia shemeji wabeja, nikamshika mikono yote miwili yenye tope. Anasema ndiyo mara ya kwanza kumshukuru tangu nilipoolewa, na huenda hasemi uongo. Chembe yake aliondoka nayo.

Jumamosi nikafika Shinyanga na boksi mapajani. Duka lilikuwa tupu, masanduku yamepangwa mlangoni. Mzee aliitikia shikamoo yangu huku macho yake yako kwenye boksi. Nikaliweka gari juu ya meza ile ile ya kupimia vitambaa. Akafuta miwani, akainama hadi uso wake ukawa sawa na magurudumu. Halafu akagusa kiti cha nyuma kwa kidole.

"Walituambia bibi alikaa hapa na watoto wanne," akasema. "Hawaenei."

Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, wala hakujificha. Nilimshika bega. Nilimwambia nitamkosa sana, kwamba sina mtu mwingine duniani wa kugombana naye juu ya rangi nyeusi. Nilikuwa nalia na mimi.

Alipotulia akaiona taa. "Hii imepatwa na nini?"

Nikamsimulia habari za fagio, karai na sindano ya Pasaka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Niliona furaha yake, nikalisogeza boksi kwake aondoke nalo. Nilikuwa nimelijaza pamba ili gari lisivunjike safarini. Akatikisa kichwa.

"Gari hili babu alilinunua mwaka ule aliokata shauri kwamba harudi tena kwao," akasema. "Alimwambia bibi, tumenunua gari hapa, basi tunakaa hapa. Anayeondoka ni mimi, binti. Lenyewe siwezi kuliondoa, libaki kwako."

Nikalirudisha boksi upande wangu. Akanivutia stuli.

"Mimi nipe ile habari ya shemeji yako. Anza tena, taratibu, nisije nikakosea nikiwasimulia watoto."

Nikakaa, nikaanza tangu pale taa ilipoponyoka.