Mhispania aliyeruka ukuta wa uwanja, na mie niliyemwambia aruke

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nnaandika nikiwa na hasira za wiki kadhaa, kwa hiyo mtanisamehe nikiropoka. Lakini haya yote nimeyaona kwa macho yangu, na moja nimelifanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Timu siitaji. Iko hapa Unguja mjini, inatosha.

Mie ni mtunza jezi. Zamani nilikuwa mhudumu wa hoteli Kiwengwa, ndiko nilikookota Kihispania kwa wageni. Sikukisomea, lakini nikigombana kwa Kihispania nnashinda. Basi msimu uliopita timu ilipomleta Rubeni, kiungo kutoka Hispania, nikabebeshwa na ukalimani juu. Kazi mbili, ahsante hata moja.

Msimtafute Rubeni kwenye timu kubwa, hamtompata. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Alianzia madaraja ya chini kwao, akenda Saiprasi, India, Malta, Hong Kong, akarudi kwao, akatoka tena. Timu kumi na moja, na kuna alikokaa miezi minne tu. Kule Bububu alikopangiwa nyumba, nguo zake hazikuwahi kuingia kabatini. Zilikaa begini, begi liko wazi sakafuni. Anasema kila akipanga nguo kabatini anafukuzwa.

Alikuwa na kanuni moja: kila timu ina mambo yake, na mgeni hahoji. India walivunja nazi mbele ya basi, na yeye akavunja yake. Malta padri aliwanyunyizia maji viatu, akavua vyake akampa. "Nafanya, halafu nacheza," ndivyo alivyokuwa akiniambia.

Shida yake ilikuwa goti la kulia. Lilishapasuliwa mara moja. Tuliojua ni watatu: yeye, daktari wa timu, na mie niliyetafsiri.

Na alikuwa na jambo lake. Timu ya mji wao, ile aliyochezea utotoni, ilimuahidi msimu mmoja wa mwisho, mradi amalize huku akiwa mzima. Mama yake keshazeeka, hajamuona uwanjani tangu ujana wake. Hicho ndicho kilichomleta Unguja: acheze mfululizo, arudi na miguu yake, mama akae jukwaani amtazame. Basi.

Sasa njooni kwenye kamati. Kila anayeujua mpira wetu anajua kwamba "kamati ya ufundi" haina ufundi wowote ndani yake. Mwenyekiti wake nimwite Mzee Shaame. Siku ya mechi na mahasimu wetu, basi limefika uwanjani, Mzee Shaame akasimama mlangoni mwa basi akasema hakuna kupita getini. Eti kuna kitu kimefukiwa pale, atakayekikanyaga mguu wake hauna kazi tena. Timu nzima izunguke nyuma, iruke ukuta.

Ukuta wenyewe unampita mtu mrefu. Wachezaji wa kwetu washazoea, wakaanza kuparamia. Rubeni akanigeukia akaniuliza kuna nini.

Hapa ndipo nnapojichukia. Niliona haya. Nikawaza ntamwambiaje huyu mzungu kwamba watu wazima, wengine washakwenda Hija, wanaogopa geti? Nikamwambia geti bovu, ufunguo umepotea. Akauliza, "Hakuna njia nyengine?" Nikasema hakuna. Na habari ya goti nnaijua.

Akanyanyua mabega. "Nafanya," akasema, akapanda.

Sikumuona akitua. Nilikuwa bado nje nimebeba mifuko ya jezi. Nilisikia ukelele tu.

Gari ya wagonjwa iliyomchukua ilipita wapi? Getini. Geti wazi, mabawa yote mawili, muuza juisi kaliegemea. Rubeni amelala kwenye machela, mie nimekaa pembeni yake. Akaliangalia lile geti, kisha akaniangalia mie.

Timu ilishinda bao moja. Na nnakwambieni, jioni ile nilimkuta Mzee Shaame barazani anapokea pongezi. Nikamwambia mbele za watu, "Mzee, yule mtu kano za goti zimekatika."

Akanijibu bila ya kupepesa, "Ndiyo ujue kile kitu kilikuwa na nguvu. Angepita getini angekufa."

Na watu wakaitikia. Nilitamani nimkamate shingo, nikakumbuka umri wake, nikaondoka. Mtu kama huyu unajadiliana naye vipi? Ukiumia kakuokoa yeye, ukipona kakuokoa yeye.

Siku ya safari yake ya kurudi kwao nilikwenda Bububu kumsaidia begi. Nikamwambia kweli yote, geti, kamati, na haya zangu. Nilitegemea matusi, na matusi ya Kihispania nnayajua. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia, ningepita getini," akasema. "Wangenifukuza siku ile ile. Nishafukuzwa na timu nne. Kufukuzwa nnakujua. Hili la kurudi kwa mama bila ya goti silijui."

Nikabeba begi.

Funzo langu, wakuu, ni hili. Jambo likikutia haya kulieleza mbele ya mgeni, basi usilifanye, na usimtume yeye alifanye. Mie nilidhani nnalinda heshima yetu. Nilimtoa mtu kafara kwa ajili ya kamati. Na nyinyi mtakaokuja hapa kuniambia "ndiyo mpira wetu ulivyo", nendeni mkamwambie mama yake.

Baada ya hapo niliomba kikao na kamati. Nikasema sitafsiri tena uongo na siruki ukuta. Wakaniomba nitoke nje wajadiliane. Wakajadiliana saa nzima, mpaka nikaanza kuwa na matumaini.

Waliponiita ndani nikaambiwa hoja yangu imepokelewa. Usalama wa wachezaji ni muhimu, kwa hiyo timu itanunua ngazi.

Ishanunuliwa. Ya chuma, imewekwa kwenye chumba changu cha jezi, na wa kuibeba ni mie.

Jumapili tuna mechi. Ngazi ntaiacha huko huko chumbani, mie ntapita getini na mifuko yangu. Mlioko kwenye timu nyengine, njooni mseme hapa chini na nyinyi mnapita wapi.