Motere ya Mama Mkwe

Uongo wangu mkubwa kuliko wote niliusema nikiwa nimevaa kanzu safi na kofia ya kuazima, mbele ya wazee wa Nyangwe, siku ya posa. Waliniuliza kazi yangu. Mimi ni fundi wa pikipiki pale Kasongo, na hilo lilitosha kabisa kulisema. Lakini niliona uani mitumbwi imepinduliwa, nyavu zimeanikwa, nikaogopa wataniona mtu wa vumbi tu. Neno likaniponyoka: "Mimi ni fundi wa motere zote, za barabara na za mayi." Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mchumba wangu, aliyekuwa nyuma ya pazia, akakohoa. Yeye alijua vizuri kwamba injini ya maji, ile motere ya mtumbwi, sijawahi kuigusa hata kwa kidole.

Miaka miwili nilikaa salama. Kisha ujumbe ukafika Kasongo: motere ya mama mkwe imekufa, mkwe fundi aje. Mama mkwe alikuwa mjane, na mtumbwi wake ndio uliokuwa ukivusha wanawake na mihogo yao siku za soko. Mke wangu alikuwa amejifungua juzijuzi, barabara ile asingeiweza. Akanifungia nguo huku anacheka mpaka mtoto akaamka.

"Enda, fundi wa mayi," akasema. Halafu akaacha kucheka. "Lakini sikia. Siku watajua ulinichukua kwa uongo, ni mimi watanichekea kwetu mpaka nizeeke. Usirudi kama ile motere hailie."

Njia nzima nilikuwa najitukana mwenyewe juu ya pikipiki.

Nilidhani shida itakuwa motere. Kumbe shida ilikuwa heshima. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani ovyo. Wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa katikati, na mtu wetu wa katikati alikuwa Kasongo ananyonyesha. Sasa nitamuulizaje mwenye motere iliugua vipi? Niliikuta imefungwa kwenye gogo uani, nzee, rangi imebanduka yote. Mama mkwe alikaa upande wa pili kwenye mkeka, amenipa mgongo, mtandio umeshuka mpaka puani. Mimi pia nikampa mgongo. Tukabaki hivyo, migongo miwili na motere katikati.

Nikakohoa. Nikaisemesha motere.

"Shikamoo, motere. Pole na ugonjwa. Ulianza kuumwa namna gani?"

Kuku akapita. Halafu sauti ikatoka chini ya mtandio, nayo ikiisemesha motere:

"Wee motere, si ulikuwa unalia muzuri? Ukafika katikati ya mayi, nguvu ikapunguka polepole, ukanyamaza. Na mbele ya kunyamaza, kwanza uliacha… uliacha kile kitu."

"Kitu gani, motere?"

"Kile kitu. Motere inajua."

Akainuka, akaingia jikoni haraka kama mtu aliyeacha chungu kikiungua. Nikabaki naitazama motere. Haikusema.

Basi nikafanya ninayoyajua. Nilivuta kamba, ikagoma. Pistoni ilikuwa imeshikana ndani. Nikafungua kichwa, nikamwaga mafuta ya taa, nikaiacha ilowe usiku kucha. Asubuhi nikaigonga kwa kipande cha mti mpaka ikalegea, nikasafisha pete zake, nikakata kifuniko cha daftari kuwa gasketi, nikasafisha buji ya kutoa cheche na kabureta, nikachanganya esanse, yaani petroli, na oili. Nikateremsha mguu wake ndani ya pipa la maji. Nikavuta kamba. Ikalia! Wanawake wa jirani wakapiga vigelegele, na mimi nikapita uani kifua mbele, wallahi, nikitembea kama niliyeiunda mwenyewe.

Sigara moja haijaisha, nguvu ikapunguka polepole. Ikanyamaza. Kichwa chake moto, hakigusiki. Hilo halikunishtua, pikipiki pia zinawaka moto, nikadhani ni kawaida ya injini.

Nikafungua tena. Nikalowesha tena, nikasafisha tena, nikakata daftari lingine. Ikalia tena, ikafa tena. Mara hii vigelegele havikupigwa. Jirani mmoja mzee, mwenye ulimi mrefu kuliko mtumbwi wake, akaegemea ua na kusema, "Hii ndiyo fundi ya motere zote? Labda hii moja haikuandikwa ndani ya hizo zote." Watu wakacheka. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikaitazama pikipiki yangu kando ya ua, nikapiga hesabu: nikitoroka sasa hivi, jua likizama niko Kasongo. Lakini nikifika nimwambie nini mke wangu?

Siku ya tatu hasira ikanishinda. Nikaipiga motere teke, nikaumia mimi.

"Motere!" nikafoka. "Kitu gani uliacha? Sema leo! Unataka mutoto wa watu achekwe kwao?"

Nyuma yangu nikasikia mkeka ukisogezwa. Mama mkwe akapita pembeni, uso kando, ameshika birika lake la udhu. Akasimama nyuma ya motere, kwenye katundu kadogo nilikokuwa nimekaona na kukadharau. Akainamisha birika. Maji yakatoka, kauzi kembamba, yakidondoka chini: tss, tss, tss. Akakaza macho kwenye ukuta. Halafu ghafla akalinyanyua birika, maji yakakatika. Akarudi kwenye mkeka wake bila neno.

Astaghfirullah! Nilielewa yote mara moja, na nilitamani kucheka mpaka nilale chini. Motere ilikuwa inakojoa! Ikifanya kazi vizuri inakojoa, na siku ile katikati ya mto iliacha kukojoa. Kila mtu wa mtoni anajua na ndivyo anavyoita. Lakini mama mkwe atalitamkaje neno lile mbele ya mkwe wake? Afadhali mtumbwi uoze. Siku tatu nzima alikuwa amekaa na dawa mdomoni na heshima imemziba.

Pikipiki inapozwa na upepo. Hii inakunywa mto, inajipoza, inautoa. Mimi nilikuwa natibu kidonda na kuacha kisu ndani. Nikafungua mguu wake, na humo nikakuta kigurudumu kidogo cha mpira cha kusukumia maji, mchanga umekula mabawa yake karibu yote. Mchana kutwa nilichonga kingine kwa wembe kwenye mpira wa tairi la lori, nikijikata vidole. Cha kwanza kilikuwa kikubwa. Cha pili kikapasuka. Cha tatu kikaingia.

Tuliifunga kwenye mtumbwi kesho yake. Mama mkwe akakaa mbele, mgongo kwangu, mimi nyuma. Kamba moja tu, ikalia. Na nyuma yake, wallahi, kauzi ka maji kakaruka nje, kanene, bila aibu yoyote. Tukafika katikati ya mto, tukapita, bado inalia. Nilikuwa na furaha ya kijinga, naimba.

Ndipo ile sauti ikaja kutoka mbele.

"Wee motere, mwambie aliyekutengeneza. Siku ya posa tulimuvusha akasalimie mujomba ng'ambo. Akashika mbao kwa mikono mbili, macho amefunga, anasoma dua kwa sauti. Mutu wa motere za mayi iko vile?"

Nikaacha kuimba. Kumbe walijua! Miaka miwili nilipokuwa nikitembea kama fundi wa mto, yeye alijua. Nikaiinamia motere.

"Motere, muulize. Kama alijua, kwa nini alimupa mutoto wake?"

Alikuwa anatengeneza mtandio wake, na niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

"Aliogopa mayi," akasema, "na akavuka."

Nikachukua ufunguo, nikainama, nikaanza kukaza nati iliyokuwa imekazwa tangu asubuhi.