Mafuta ya Bure ya Stefania

Lupiro nzima ilimwamini Stefania, kwa sababu miaka yote aliuza sabuni na chumvi bila kumpunja mtu. Ndiyo maana kampuni ya mafuta mapya ya kufukuza mbu ilimchagua yeye.

"Mama, usiuze kwanza, gawa bure," alisema Fidel, afisa masoko wao. "Wakizoea, watakutafuta wenyewe."

Akagawa wiki ile familia zilipokuwa zikihamia mashamba ya mpunga bondeni, kukaa vibandani hadi mavuno.

"Na watoto niwapake?" jirani yake Eveline aliuliza, akicheka. "Wasije wakaniponyoka kama kambale!"

"Wapake mwili mzima, mwenzangu."

Stefania mwenyewe alijipaka walipokwisha kuondoka, mkono mmoja tu. Kesho yake ngozi ilivimba, ikachubuka kama imemwagiwa uji wa moto. Simu ya Fidel ilikuwa imezimwa. Ya Eveline haikupatikana, maana mashambani hakuna mtandao.

Akafunga duka, akashika njia ya bondeni. Maji ya mvua yalikuwa yameikata. Akaita jina la Eveline mpaka sauti ikamkauka. Ng'ambo hakuna aliyeitika, ila watoto walikuwa wanalia, na si mmoja.