Samli kwenye Boliti

Nililipenda lile gari kabla sijajua kulifunga. Lilikuwa dogo, la Kijapani, la bluu iliyopauka kwenye paa, lenye turbo na shokapu fupi ngumu za mashindano. Aliyekuwa nalo kabla yangu alizifunga ili alikimbize kwenye lami tupu. Kwangu likaja kuishi Nyahanga, kwenye vumbi jekundu la Kahama. Asubuhi niliandika riwaya. Sentensi zikigoma, nilichukua ufunguo nikaenda hadi nje ya mji na kurudi, na mahali fulani turbo ilipovuta pumzi, sentensi nayo ilikuja. Wenzangu huchemsha chai. Mimi nilikuwa na gari.

Shida ilikuwa boliti. Chini ya kila shokapu ya mbele ziko mbili, nene kama kidole gumba, zinazobana mguu wa shokapu na chuma kinachoshika gurudumu. Zikitulia, unasahau kwamba zipo. Zikilegea hata kidogo, gurudumu linainama, usukani unavuta upande, na kwenye kila shimo chuma kinagonga: ko.

Mara ya kwanza niliisikia njia ya Kakola, ambako barabara ya vumbi ilikuwa imejikunja kama bati. Fundi mmoja wa Kahama alichomeka bomba refu kwenye mkono wa spana, akaning'inia juu yake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Hiyo hata tembo haifungui," akasema. Wiki mbili baadaye ilikuwa imefunguka bila tembo.

Nikanunua boliti mpya, nikalipeleka gari kwa mama, nje kidogo ya Mhunze, kwa sababu uwanja wake ni mgumu na umefagiliwa kuliko gereji yoyote ninayoijua. Nati nilibakiza zilezile za zamani. Niliona hazina kosa. Nilikuwa nimeshapandisha gari kwenye jeki na kupanga vifaa kwenye gunia, mama akaja ameshika kibuyu cha samli.

Nyumbani kwetu samli haikai jikoni tu. Mama aliipaka kwenye mpini wa jembe jipya, kwenye utosi wa mtoto mchanga, na siku ya mtihani wangu wa mwisho wa shule aliipaka kwenye paji la uso wangu, nikaingia kwenye chumba cha mtihani nikinukia maziwa.

"Umezipaka nini hizo?" akauliza.

"Bado, mama."

"Unaingiza chuma kikavu? Mkokoteni wa baba yako nimeupaka miaka yote. Umewahi kuusikia ukilia?"

Sikuwahi. Nikampa boliti moja moja. Alizipaka taratibu kwa kidole cha shahada, kwenye meno na kwenye shingo. Iliyobaki kidoleni akaimalizia kwenye mguu wa shokapu, pale unapokutana na chuma cha gurudumu. Nikazikaza, pamoja na zile za mikono ya chini ya gurudumu, gari likiwa bado linaning'inia, mikono yote inateleza, moyo umejaa. Niliona ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuifanyia mashine.

Siku chache baadaye nilikuwa nampeleka mama Shinyanga mjini kupimwa macho. Tulipovuka kalvati moja ikalia: ko. Halafu ko, ko. Usukani ukanivuta kushoto. Nilisimama kando ya shamba la pamba, nikashuka, nikaona gurudumu la mbele limeinama kwa ndani kama mtu aliyeegemea mlango anasikiliza ya watu.

Mama naye alishuka, akatazama kwa muda mrefu kuliko macho yake yalivyomruhusu.

"Ng'wanone," akasema, na alikuwa haniiti mwanangu kwa Kisukuma ila jambo likiwa zito, "hili linataka kutuacha njiani."

"Nitalikaza."

"Ulishalikaza."

Nikatoa spana kwenye buti hata hivyo.

"Boliti hizi zikilegea tena, unaliuza. Niapie."

Nikaapa, pale barabarani, nikiwa na spana mkononi. Akapanda bajaji iliyokuwa inaelekea mjini, akaniacha na jua na gari langu. Nilijua kiapo kwa mama si maneno ya kupoza mtu. Nilijua pia kwamba bila lile gari ningekuwa mtu wa kukaa mezani kutwa, nikisubiri kitu ambacho sikujua kinatokea wapi.

Nilizikaza kadiri nilivyoweza, na kesho yake nilikwenda polepole mpaka upande wa Geita, kwa mjomba, mdogo wake mama. Yeye ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Karasha linatetemeka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kitu chochote chenye nia ya kulegea, pale kitalegea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwandishi. Umeniletea kitabu au chuma?"

"Chuma."

"Afadhali. Kitabu ningekikaza wapi?"

Akavua gurudumu, akatoa boliti ya kwanza, akaileta karibu na macho. Kisha akaileta karibu na pua.

"Nani kapika huku?"

"Mama."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Dada yangu! Huyu siku moja ataipaka barabara." Alipomaliza kujifuta macho akanionyesha mguu wa shokapu. Penye samli, chuma kilikuwa kimeng'aa, kimejisugua. "Mkokoteni ekseli yake inazunguka, ilishe mafuta. Hapa hakuna kinachozunguka. Unadhani boliti ndiyo inabeba gari? Boliti inabana tu. Kinachobeba ni chuma hiki kung'ang'aniana na chuma hiki. Ninyi mmeweka samli katikati, halafu mnataka ving'ang'aniane."

Tuliosha kila kitu kwa petroli, tukasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikawa kijivu na kikavu. Nati zangu alizitupa. Ule mviringo wa plastiki wa ndani, unaoikamata boliti ili nati isizunguke, ulikuwa umekwisha kazi yake. Akafunga mpya. Bomba refu hakuligusa. Alitumia spana yenye mshale wa kuonyesha nguvu, akaacha mshale ulipofika kwenye alama. "Ukivuta kwa hasira boliti inarefuka, inachoka kabla haijaanza kazi."

Boliti za mikono ya chini, zile zinazopita kwenye bushi za mpira, alizibana kwa vidole tu, akashusha gari kwanza. Akazikaza likiwa limesimama kwa uzito wake, yeye kalala chini, miguu tu iko nje. "Ukikaza likiwa linaning'inia," sauti ikatoka uvunguni, "likishuka mpira unajinyonga. Kila shimo unaivuta boliti. Na wewe ulikaza linaning'inia."

"Umejuaje?"

"Nimekufahamu tangu unazaliwa."

Mwisho akaleta kopo la rangi nyeupe na kijiti. Akachora mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha pembeni, juu ya kila boliti. Ndivyo wanavyofanya kwenye makarasha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, mtu anazunguka akiisoma mistari. Mstari ukikatika vipande viwili, nati imezunguka, na karasha haliwashwi. Likifungwa upya pia halipewi mawe kutwa: linatembea saa moja, linazimwa, linapimwa tena, kwa sababu chuma kipya hutafuta mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa nikidhani kazi iliyofanywa vizuri hufanywa mara moja.

Akampigia mama simu, akaweka sauti ya nje.

"Mwangaluka, dada. Samli yako nimeiosha kwa petroli."

"Unamwaga chakula?"

"Ulikiweka kwenye shokapu."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Wewe ulipaka, mwanao alikaza. Gawaneni."

"Aliniapia," mama akasema. "Hiyo iko palepale." Akakata.

Niliendesha saa moja, nikarudi, nikapima tena kwa spana ya mjomba. Nati mbili zilizunguka kidogo kabla mshale haujafika, nikachora mistari yake upya. Halafu kila asubuhi, kabla ya kuandika, nilichuchumaa mbele ya gari nikaisoma.

Mwezi uliofuata mjomba alipata mjukuu wa kwanza, na mama akasema atakwenda kumwona kwa gari langu. Alikaa mbele, na miwani yake mpya, akilisikiliza gari kutoka Mhunze mpaka tukaipita Kahama. Lami ikaisha. Ile mikunjo ikaanza.

Ko.

Mama akaweka mkono kwenye dashibodi. "Umesikia?"

Ningeweza kusema ni jiwe. "Nimesikia."

Nilisimama. Mama alishuka kabla yangu, akainama upande wa kushoto, akafuta vumbi kwa ncha ya kanga. Mstari mweupe ukatokea.

"Huu ukikatika ndiyo imelegea?"

"Ndiyo."

"Haujakatika."

Akafuta wa pili. Akazunguka upande wa kulia, akafuta na huko, bila haraka, kama anachambua mchele. Yote ilikuwa mizima. Ndipo akaenda nyuma, akaniambia nifungue buti. Jeki ilikuwa imechomoka kwenye mkanda wake, imelala juu ya chuma kitupu, pembeni ya kopo la samli ya mtoto. Akaisukuma kwa kidole. Ko.

"Uliniapia boliti," akasema. "Jeki hatukuizungumza."

Akavua kanga ya mabegani, akaizungushia jeki, akaibana kwa kifuko cha viazi. Tukaendelea. Tulipofika, mjomba alitoka nje mikono miwili mbele kumpokea dada yake. Mama akampita, akainama kwanza kwenye gurudumu la kushoto kuusoma mstari.