Vikombe Vitatu vya Shaaban

Siku baba yangu alipoanguka mlangoni mwa choo, tumboni mwake mlikuwa na vikombe vitatu vya dawa ya kuharisha, na kila kikombe kilitoka mkononi mwa mwanamke aliyempenda. Hakuna hata mmoja wao aliyejua habari ya mwenziwe. Baba alijua, na alivinywa vyote.

Mambo yalikuwa yameanza wiki tatu kabla, juu ya kitambaa. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu. Cherehani yake ilikaa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Malindi, mlango ukitazama njia. Ilikuwa mwezi wa Rajabu, mwishoni mwa miaka ya themanini, na watu walikwisha anza kuleta vitambaa vya Idi mapema ili wasikute foleni. Mimi nilikuwa nikisomesha shule ya msingi, na alasiri nikirudi hukaa naye kumtungia uzi, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Siku hiyo alitandaza bafta nyeupe mezani, akashika chaki, kisha akaiweka.

"Mwalimu," aliniita. Tangu nilipoajiriwa hakuniita jina lingine. "Kitambaa hiki ni cheupe ama ni cha njano?"

"Cheupe, baba."

"Basi mkono wangu una nini?"

Niliutazama. Kiganja chake juu ya ile bafta kilikuwa kama cha mtu aliyetoka kuponda binzari. Nikamwambia ageukie mlangoni, penye mwanga. Weupe wa macho nao ulikuwa umekwenda.

Kwa siku kadhaa tulijidanganya kuwa ni uchovu. Lakini alianza kusukuma sahani mbali. Wali wa nazi, ambao alikuwa akiula kwa furaha tangu nimjue, ulimtia kichefuchefu kwa harufu tu. Mkojo wake, alimwambia mama kwa sauti ya chini nami nikasikia, ulikuwa kama chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa.

Hapa ni lazima nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo watu wa nyumba yetu wataonekana wajinga, nao hawakuwa wajinga. Katika mtaa wetu Shaaban ulikuwa mwezi wa usafi. Kuta zilipakwa chokaa, masufuria yalisuguliwa kwa mchanga na majivu, mikeka ilianikwa, na matumbo nayo yalisafishwa. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kunywa dawa. Watoto tulipangwa ukutani tukiwa hatujala, tukapewa sanamaki kikombe kimoja kimoja, na siku hiyo hapana aliyetoka kwenda mbali. Jioni tuliletewa uji mwepesi, tukajiona wepesi pia, tayari kwa Ramadhani. Kwa hiyo macho ya baba yalipobadilika rangi Shaaban ukikaribia, hakuna aliyeuliza ni maradhi gani. Ilionekana wazi kwamba ni uchafu wa mwaka mzima, na uchafu dawa yake ni kuutoa.

Desturi ya pili ni ndogo zaidi, na ndiyo iliyomwangusha. Kwetu kikombe kilicholetwa kwa mgonjwa hakirudi kimejaa. Kukirudisha ni kumwambia aliyekileta kwamba mkono wake hauna baraka. Baba alikuwa mtu wa haya. Mteja akimletea kitambaa kibaya alikuwa akikisifu kwanza ndipo akakikata.

Basi siku ile, Shaaban ulipoingia, bibi, mama yake baba, aliamka alfajiri akachemsha sanamaki. Alimletea mwanawe chumbani, akakaa naye mpaka akamaliza. Saa tatu akaingia shangazi, dada yake baba, kutoka Mambrui, na mshubiri katika chupa ya sharubati. Bibi alikuwa ameshatoka kwenda msibani mtaa wa pili. Baba akanywa. Adhuhuri mama, ambaye wiki nzima alikuwa akimwona mumewe akipungua, akanunua haluli dukani, ile chumvi ya kuharisha, akaikorogea ndimu na sukari ili isimkere. Baba akamtazama, akanywa. Saa tisa akaanguka.

Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa jirani. Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka, na aliponishika mkono vidole vilikuwa baridi ingawa nje palikuwa na jua kali kabla ya mvua. Daktari msaidizi, kijana mwembamba, alimtundikia maji ya mshipa kabla ya kusema lolote. Kisha akatugeukia.

"Mzee amekunywa nini leo?"

"Hakunywa kitu," alisema bibi. "Sanamaki tu, kidogo."

"Sanamaki?" alishtuka shangazi. "Mama, mbona hukuniambia? Mimi nimempa mshubiri."

"Ningekwambiaje? Wewe huingia kama upepo, watu hatujui umefika mpaka tuone mkoba wako."

"Na wewe kazi yako ni kuzurura misibani!"

Daktari aliinua mkono. Mama alikuwa amesimama nyuma, akitazama sakafu, akizungusha ncha ya buibui kidoleni.

"Na haluli," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto aliyevunja kitu. "Adhuhuri. Mimi."

Kisha kitandani, macho yamefumbwa, baba akasema, "Nilikuwa nangoja nione kama mtasema wote."

Bibi alianza kulia. Alilia kwa hasira, jinsi wazee wanavyolia, akisema kwamba marehemu mumewe alikunywa sanamaki kila Shaaban mpaka akafa.

"Naam, mama," alisema baba. "Mpaka akafa."

Shangazi ndiye aliyecheka wa kwanza, akajiziba mdomo kwa mtandio. Tukacheka sote, hata bibi, machozi yakimchuruzika.

Daktari hakutukemea. Alivuta kigoda akakaa karibu na baba, akamwambia kwamba ini lake limevimba. Hakujua bado kwa nini. Ini, alisema, ndilo linalosafisha damu, mchana na usiku, bila kuamriwa na mtu. Likiugua halitaki kusukumwa. Linataka maji, chakula chepesi, usingizi, na kuachwa lifanye kazi yake. Dawa yoyote inayoingia tumboni, ya duka au ya shamba, hata ya maumivu ya kichwa, ni kazi mpya anayotupiwa mgonjwa.

"Kama mteja anayekuja kila saa kuuliza nguo yake," alisema baba.

"Hivyo hasa."

"Basi ini langu lilikuwa na wateja watatu, wote wa Idi."

Alilala zahanati siku mbili. Daktari alimtoa damu, chupa ikapelekwa Mombasa kupimwa. Sisi tulirudi nyumbani na maagizo, na mimi nikayaandika nyuma ya karatasi ya kalenda nikaitundika jikoni.

Mama aliichukua kazi ile kama kafara. Maji aliyachemsha asubuhi mapema, akayafunika kwa kitambaa, na mtungi wa baba ukawa wake peke yake. Uji wa mtama bila maziwa. Papai lililoiva, ndizi, dafu moja asubuhi na moja jioni. Samaki wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya, bila mafuta, bila tui. Hilo la tui ndilo lililomwuma. Nilimkuta siku moja amesimama mbele ya sufuria ya mchicha wa maji matupu, mbuzi ya kukunia nazi iko kando haina kazi.

"Miaka ishirini na sita nampikia mtu huyu," aliniambia. "Sijapata kumpa chakula cha jela."

Mchicha wenyewe tuliletewa na mama mmoja wa Jilore, aliyekuwa akipita mtaani kwetu na kikapu kichwani. Alipopata habari alianza kututengea mnavu na majani machanga ya kunde kabla hajafika kwa wengine. Baba alikuwa akimshonea wanawe sare za shule. "Fundi, kula majani kama mbuzi," alimwambia dirishani. "Umewahi kuona mbuzi mwenye macho ya njano?"

"Nimewaona wote," alijibu baba. "Mbuzi wote macho yao ni ya njano."

Yule mama alisimama akafikiri, kisha akaenda zake akicheka njia nzima.

Baba aliacha tambuu, ambayo alikuwa akitafuna na tumbaku tangu ujana. Siku tatu za kwanza hakusema na mtu. Cherehani ilinyamaza ikifika magharibi. Zamani ilikuwa ikilia mpaka watu wamelala. Alasiri bibi alimshika mkono wakatembea mpaka kona ya msikiti na kurudi, mwendo wa pole, yeye akimwongoza mwanawe wa miaka hamsini na nne kama anayemfunza kutembea. Chupa ya sanamaki aliiondoa rafuni mwenyewe. Hakusema ameipeleka wapi, wala hatukumwuliza.

Kila asubuhi baada ya chai nilimsimamisha baba mlangoni, nikaweka kipande cha bafta karibu na jicho lake, nikatazama. Niliandika nilichokiona. Wiki ya kwanza hapakuwa na badiliko. Wiki ya pili mkojo ulipauka na akaomba samaki mwingine, mama akageuka ukutani ili tusimwone uso. Siku moja ya wiki ya tatu, mvua za masika zikinyesha, nilitazama kitambaa, nikatazama jicho, na karibu nikakosa la kuandika.

"Useme, Mwalimu."

"Karibu, baba. Bado kidogo pembeni."

Hapo ndipo alipotoa neno alilokuwa amelificha. Shaaban ulikuwa umebaki siku tisa. Alitaka kufunga.

Tulikwenda naye kwa daktari, mama na mimi. Daktari alimbonyeza chini ya mbavu, akamtazama macho, akafurahi, kisha akatikisa kichwa. Jicho ni jambo moja, alisema, damu ni jambo jingine. Kukaa mchana kutwa bila maji, katika hali hii, kunaweza kurudisha yote. Majibu ya Mombasa yakija mazuri, afunge. Yasipokuja, ale, na siku atazilipa mwili ukishapona.

"Dini yenyewe imekuruhusu," mama alimwambia njiani. "Mgonjwa ana ruhusa. Utalipa."

Tulikuwa karibu kufika nyumbani. Baba alikuwa akitembea juu ya matope kwa uangalifu, ameinua kanzu kidogo.

"Tangu nina miaka tisa sijala mchana wa Ramadhani," alisema. "Nikila mwaka huu, nitakuwa na deni la mwezi mzima. Na anayejua kama nitafika mwaka wa kulipa ni Mungu peke yake. Hilo ndilo linaloniogopesha, si njaa."

Mama alimshika mkono, njiani, mchana, mbele ya watu. Sikuwa nimewaona wakifanya hivyo kabla.

Siku tisa zile nilikwenda zahanati mara nne. Kila mara daktari alitoka kunilaki kabla sijauliza, akafungua mikono mitupu. Baba aliendelea kunywa maji yake, kula papai lake, kulala mapema. Alikata kanzu sita. Hakuwaambia wateja kama atafunga, na wao kwa adabu hawakumwuliza.

Siku ya mwisho, ile ya kutazama mwezi, nilirudi kutoka zahanati saa kumi, mvua imenilowesha hadi mabegani, mikono yangu mitupu. Mama alikuwa jikoni. Upande mmoja wa meko alikuwa ameloweka mbaazi za futari. Upande wa pili alikuwa amepepeta mtama wa uji wa asubuhi, uji wa mtu asiyefunga, akaufunika kwa kawa.

"Hayajafika?"

"Hayajafika, mama."

Alisogeza vyombo vyote viwili viwe karibu karibu. Huko nje watu walikwisha anza kupanda juu ya madari, na mtoto mmoja akapiga kelele kwamba ameuona. Baba alikuwa ametawadha, ameketi kwenye kiti cha cherehani akielekea mlangoni. Nia ya kufunga hutiwa usiku, kabla ya alfajiri. Adhana ya magharibi ikaingia, akasimama kwenda kusali, na alikuwa bado hajatuambia.