Aliyemwita Mwanangu kwa Sauti Yangu

Siku ile sikuwa na homa, nilikuwa nimelala vizuri, na kitu pekee nilichokunywa ni chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yangu mwenyewe. Natanguliza hayo kwa sababu kila ninapoanza kusimulia, mtu hunikatiza na kuniuliza mojawapo. Basi usiniulize. Jambo hili lilitokea mchana, jua likiwaka, watu zaidi ya kumi wakiwepo, na mmoja wao ni muuguzi mwenye akili iliyotulia kuliko yangu.

Muuguzi huyo ni rafiki yangu Njeri, Mkenya. Mimi ni mtu wa Tanga. Tulijuana kwenye nyumba ya kutunzia wazee tulikokuwa tukifanya kazi pamoja, yeye akigawa dawa, mimi nikiogesha na kulisha. Ilikuwa Januari, miaka michache kabla ya korona. Shule zilikuwa zimefungwa, na binti yangu Rehema, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa amechoka kukaa kwenye fleti yetu ya Granville, hapa Sydney, Australia, akitazama ukuta wa jirani. Baba yake alikuwa na zamu ya Jumamosi kiwandani, huko Fairfield. Njeri ndiye aliyeona tangazo la safari ya siku moja: basi dogo, kiongozi mwenyeji, kwenda kuona michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba msituni, kusini mwa jiji, kisha kuogelea kwenye madimbwi ya mto. Aliniambia nimekaa Sydney miaka mitatu na sijaona kitu zaidi ya treni na wazee. Tukaenda.

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mmoja wa watu wa asili wa nchi ile, wale waliokuwepo kabla meli yoyote haijafika. Kila mtu kwenye basi alimwita Aunty. Ndivyo wanavyomwita mtu mzima wa heshima kwao, na mimi nikaona hapo hatuna tofauti, nikawa namwita Shangazi. Jina lake sitalitaja. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituhesabu, akatukagua viatu, akatuambia pa kukanyaga na pa kutokanyaga.

Niseme kweli, nilitegemea magofu kama yale ya Tongoni kwetu, kuta na makaburi. Kumbe ni mwamba tu, mpana, tambarare kama sakafu ya msikiti, na ukisimama juu yake huoni kitu. Shangazi akatuambia tuchuchumae. Akatuonyesha jua la asubuhi linavyoingia kwa ubavu kwenye mifereji ya jiwe. Mara nyangumi akatokea miguuni petu, mkubwa kuliko basi letu, na samaki, na mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Nywele zilinisimama, kwa uzuri tu, si kwa woga. Rehema akauliza ni nani aliyechora. Shangazi akamwambia ni bibi na babu zake. Mtoto akauliza kama wamekufa. Akajibiwa kwamba ndiyo, wamekufa, ila hawajahama.

Kutoka hapo tuliteremka kwa miguu karibu saa nzima katikati ya mikaratusi, ruba wakitupanda kwenye soksi, mpaka tukafika dimbwini. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya majani, lakini safi. Upande wetu palikuwa na mchanga na maji ya magotini. Upande wa pili mwamba uliinama juu ya maji kama kibaraza, na chini yake kulikuwa na giza. Shangazi alirudia mara mbili kwamba watoto wasifike kule, maana chini ya kile kibaraza ardhi inakatika na hakuna aliyewahi kugusa chini.

Mimi sijui kuogelea. Wakati ule Rehema naye alikuwa hajui. Alibaki kwenye maji ya magotini pamoja na watoto wawili wa familia nyingine, Shangazi amesimama ukingoni akiwaangalia. Mimi na Njeri tukapanda hatua kama ishirini kwenye jiwe lenye kivuli kutayarisha chakula. Nilikuwa nimepika pilau usiku wa kuamkia siku hiyo. Kifuniko cha bakuli kilikuwa kimebana, nikawa nahangaika nacho, nimeyapa maji mgongo. Muda wa kufungua kifuniko ni kiasi gani? Basi ndio huo huo.

Njeri alikuwa akizungumza, akanyamaza katikati ya neno. Kisha akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili, kama anavyowapima wagonjwa mapigo.

"Mama Rehema," akasema polepole, "kwani wewe uko wapi?"

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia niko hapa, amenishika, aniachie nifungue chakula. Hakuniachia. Akasema, "Nimekushika, ndiyo. Sasa yule ni nani?"

Nikageuka.

Ng'ambo ya dimbwi, kwenye ukingo wa mwamba uliozama kidogo majini na kuzunguka kutoka kwenye mchanga wetu, Rehema alikuwa anatembea kuelekea kwenye kile kibaraza. Alikuwa ameshikwa mkono. Aliyemshika alikuwa amejifunga mtandio wa kijani, fundo nyuma, kama wangu. Alikuwa na kanga ya njano kiunoni, kama yangu, hiyo niliyokuwa nimeivaa saa ile ile. Nikamtambua kwa mwendo. Niliwahi kuumia mgongo nikimwinua mzee kazini, na tangu hapo naburura kidogo mguu wa kushoto. Na yeye alikuwa anauburura. Wewe umewahi kujiona kwa nyuma ukitembea? Si kwenye video, nasema kwa macho yako. Usiombe.

Na jambo jingine: maji yalimfika magotini, lakini ile kanga haikuwa imelowa. Pindo lilikuwa linapepea.

Nilitaka kusoma Ayatul Kursi, niliyoifundishwa nikiwa mdogo kuliko Rehema, na nakuapia hata neno la kwanza sikulipata. Njeri alikuwa ameshaanza kukimbia kuteremka. Wao walikuwa wamebakiza hatua nne, pengine tano, kufika kwenye giza. Kilichonitoka kinywani ni kile ninachomwita nyumbani. Rehema ana jina la bibi yangu, kwa hiyo tangu azaliwe mimi namwita Bibi.

"Bibi! Bibi wee! Njoo kwa mama!"

Mtoto akasimama. Akageuza shingo akanitazama, pale juu kwenye jiwe. Kisha akainua uso akamtazama aliyemshika. Mpaka leo sijui alichokiona, na sijamlazimisha aniambie. Nilichoona mimi ni kwamba alivuta mkono kwa nguvu zake zote, akachomoka, akajirusha majini kuja upande wetu. Akazama.

Yule mwingine hakugeuka. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba hakugeuka.

Shangazi alikuwa ameshaingia majini na nguo zake, viatu na vyote. Alimpata Rehema kwa nywele kwanza, kisha kwa kwapa, akamleta mpaka mchangani. Nilipofika hapo, nisijue hata nimeteremkaje, mtoto alikuwa anakohoa na kutapika maji ya chai, na ile sauti ya kukohoa ilikuwa tamu kuliko wimbo wowote niliowahi kuusikia. Nikatazama ng'ambo. Ukingo ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mtu wala hata kiwimbi kwenye maji.

Nilimfunga mwanangu kwenye kanga nikamkumbatia, na hapo ndipo Ayatul Kursi ikarudi, yote, ikitoka mfululizo kama bomba lililozibuliwa. Njeri naye kwa upande wa pili alikuwa amemwekea mtoto mkono kichwani akikemea kwa jina la Yesu, kwa Kiswahili na Kikikuyu. Mzee mmoja wa Kizungu na mkewe walisimama wakitutazama, taulo mikononi, hawajui wamfuate nani. Nikaona wanavyotutazama, nikaanza kucheka. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na Rehema, midomo ikimtetemeka, akanicheka mimi.

Shangazi alikaa chini kando yetu akichuruzika maji. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwonyesha jiwe lenye kivuli. Akaniambia kwamba yeye aliniona kwa macho yake nikija ukingoni na kumshika mtoto mkono, ndiyo maana akawageukia wale wengine wawili. Alijua mtoto yuko na mama yake. Alisema kosa ni lake. Nikamwambia si kosa la mtu.

Nilimuuliza, kwa woga, kama yule ni mmoja wa wale bibi na babu aliotuambia hawajahama.

"Wazee wangu hawaibi watoto," akasema. Hakukasirika. Akaongeza kwamba hajui yule ni nini wala ametoka wapi, na kitu asichokijua hakipi jina. Pengine amefuatana na mtu, akasema, maana kila anayefika pale ana alikotoka.

Akawatoa watu wote majini, akasema safari imekwisha kwa leo. Kabla hatujaondoka alisimama ukingoni peke yake akayasemesha maji kwa lugha yake, sauti ya chini, kama mtu mzima anayemkanya mtu asiyemwogopa. Kisha akatikisa kichwa, akatutangulia kupanda.

Ndani ya basi kijana mmoja alitueleza kwamba msitu ule una ndege wenye mkia kama kinubi, wanaoiga sauti yoyote, msumeno, kamera, hata mtu. Kwamba huenda ndege ndiye aliyemwita mtoto. Nilimshukuru, maana alisema kwa wema. Lakini ndege anavaa kanga?

Rehema alikuwa amelala mapajani mwangu. Alipoamka, tunakaribia jiji, nikamuuliza taratibu ilikuwaje. Sasa hapa nikueleze jambo la nyumbani kwetu. Mimi sisemi na mwanangu Kiingereza, hata kidogo. Nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na maisha yanakwenda. Muhula uliopita alikuwa ameniomba, kwa adabu, nisimsemeshe Kiswahili kwenye lango la shule mbele ya wenzake. Nilikataa, na tuligombana.

Akanieleza kwa Kiingereza chake kwamba mama alikuja, akamwambia kwa sauti yangu hasa, twende tukaone pango, ni pazuri. Akaenda. Mkono ulikuwa baridi, lakini alidhani ni kwa sababu ya maji.

Nikamuuliza mbona basi alisimama nilipoita.

Akasema, "Yule mama alinisemesha Kiingereza. Kizuri sana, kama cha mwalimu. Nikafurahi." Akatazama dirishani. "Halafu ukaniita Bibi. Nikajua uko wapi."

Nilimshika tu.

Mkono wake wa kulia, ule ulioshikwa, ulibaki baridi siku tatu. Baba yake hakunicheka kama nilivyoogopa. Kila jioni aliuweka katikati ya viganja vyake akausomea, na siku ya tatu aliniita jikoni nije niuguse. Ulikuwa na joto kama mwingine. Usiku ule nililala mpaka nikachelewa kazini, na sikujali.

Sasa Rehema ni mkubwa. Nilimpeleka kufundishwa kuogelea kwenye bwawa la manispaa wiki ile ile, na leo anaogelea kama samaki. Hajaniomba tena nikae kimya mbele za watu. Kiswahili chake kimevunjika, anasema "kitu yangu" na "watu mingi", nami simsahihishi. Mtandio wa kijani niliutupa. Vioo vya maduka siwezi kuvitazama nikipita, hasa vile viwili vinavyotazamana vikakuonyesha mgongo wako. Na Njeri, tukikutana kwenye harusi au msibani penye watu wengi, hunishika kifundo cha mkono kwanza ndipo anisalimie.

Nashukuru. Kila nikimsikia akigombana na wadogo zake waliozaliwa baada ya hapo, nashukuru. Wako waliofika penye maji kama yale wakarudi na kanga tupu.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayekwenda kutembea na watoto. Penye maji mtoto wako mshike mwenyewe, chakula kitangoja. Na ukimwona jirani yako ng'ambo ya maji amemshika mwanawe mkono, usijiambie tu, ah, yuko na mama yake. Mwite huyo mama kwa jina. Akikuitikia kutoka nyuma yako, usigeuke kumtazama. Kimbilia kwa mtoto.